Dondoo muhimu: Maktaba inayowavuta watoto na vijana

Mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa nchini Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Mkutubi asiye na ngamia naye ana njia zake.

Kusoma kwa sauti. Mkutubi aipitie hadithi mapema, kisha akatize pale inaponoga na kuuliza: "Mnadhani nini kitafuata?" Vitabu vikiwa haba, tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za Kiswahili, zinazoweza kuchapishwa kwenye karatasi.

Kazi za mikono. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mstari mmoja katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane, bila gundi wala pini. Humo watoto huchora hadithi waliyoisikia na kuitungia mwisho mwingine. Soksi kuukuu na vifungo vya shati hutosha kutengeneza vikaragosi vya kuigiza.

Vijana wa sekondari. Hawapendi kuchanganywa na wadogo. Wapewe siku yao, wachague vitabu wenyewe na waongoze mjadala. Mkutubi abaki pembeni. Mdahalo kuhusu riwaya au tamthilia inayotahiniwa shuleni huwaleta upesi.

Ratiba. Siku na saa zisibadilikebadilike. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, inafaa kwa maonyesho ya kazi za watoto na vijana.

Mzazi anayeishi karibu na maktaba aulizie ratiba ya watoto. Ikiwa haipo, aombe ianzishwe.