Kusawazisha ruloti kambini: mguu wako kwanza, friji baadaye

Ndugu msomaji, wewe unayetoka na kikosi cha kutafuta madini, na wewe mama unayemfuata bwana kambini wakati wa kiangazi, leo ukurasa wetu unasema juu ya ruloti. Ruloti ni ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa nyuma ya motokari: vitanda viwili, jiko la gazi, friji ndogo, kabati. Vikosi vinalala ndani yake msituni. Hata dispanseri ya kutembea inaweza kuwa ruloti iliyotolewa vitanda. Kuivuta, mashofere wengi wanajua. Kuisimamisha sawasawa, kila mtu anaifanya kwa namna yake, na ndipo tunapoletewa wagonjwa.

Utauliza: mambo ya kriki na mbao yanamhusu nini mtu wa dispanseri? Yananihusu kwa sababu miguu iliyopondwa inakuja kwetu, na kwa sababu dawa zinazoharibika ndani ya friji iliyoinama ni dawa zako wewe.

Uzito unaosukuma

Tufanye hesabu kidogo. Ruloti ndogo ikiwa na mizigo inaweza kufika kilo 750. Mahali unapoisimamisha panashuka sentimita 5 kwa kila mita 1. Kwa macho unaona kama ni uwanja tambarare. Lakini uzito ule unasukuma kuelekea chini kwa nguvu ya kilo 37 hivi. Mahali panaposhuka sentimita 10 kwa mita, nguvu inakuwa kilo 75, ni sawa na mfuko mmoja na nusu wa simenti unaokuegemea. Wakati ruloti imesimama unaweza kuizuia kwa mikono. Ikianza kutembea, huiwezi tena, na rafiki yako akija kukusaidia mtakuwa wawili chini yake.

Ruloti haitembei wakati inapovutwa, maana motokari inaishika. Inatembea dakika ile unapofungua kichwa chake kutoka kwenye ndoano ya motokari. Kwa hiyo sheria ni moja, nayo haina kikosi kinachosamehewa: kabari kwanza, kufungua baadaye. Kabari mbili kwa kila gurudumu, moja mbele na moja nyuma, zipigwe mpaka zibane. Freni ya mkono uivute pia, lakini usiitegemee peke yake. Kamba yake inalegea, na ruloti nyingine ndogo hazina freni kabisa. Jiwe la mviringo si kabari. Gurudumu linalipanda au linalisukuma. Tofali lenye matundu nalo linavunjika mara moja bila kutoa onyo, basi usiliweke popote chini ya ruloti.

Kuchagua mahali

Mbao zote za dunia hazitatengeneza mahali pabaya. Shuka kwenye motokari, tembea kwa miguu mahali pote, kabla shofere hajaingia. Katika nchi yetu ya Katanga tunavyo vichuguu vikubwa kila upande. Usisimame ubavuni mwa kichuguu: udongo wake ukilowa unateleza kama sabuni, na mashimo yake yana wapangaji wasio na miguu. Usisimame pia katika bonde la majani mabichi, hata kama kiangazi kimelikausha juu. Chini ni laini, na gurudumu moja litazama usiku. Tazama juu ya kichwa vilevile, kama hakuna tawi lililokufa.

Kushoto na kulia ndiyo kazi ya kwanza

Hapa wengi wanakosea utaratibu. Wanafungua ruloti, halafu wanaona imeinama upande mmoja, halafu wanaanza kuipiga kriki huku mtu mwingine anasukuma mbao kwa mkono chini ya gurudumu. Mkono huo ndio ninaoufunga bandeji.

Kusawazisha kushoto na kulia kunafanywa wakati ruloti bado imefungwa kwa motokari. Chukua nivo ya mwashi ya mita 1, iweke sakafuni mlangoni, ikielekea kutoka gurudumu hadi gurudumu. Inua ncha ya upande wa chini mpaka tone la hewa lisimame katikati. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na sakafu. Tuseme ni sentimita 3. Halafu pima kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Tuseme ni mita 1 na sentimita 80. Zidisha 3 kwa 1,8: unapata sentimita 5 na kidogo. Basi mbao ya sentimita 5 chini ya gurudumu la upande wa chini inatosha. Hakuna haja ya kujaribu mara sita huku watu wanapiga kelele.

Kama huna nivo, sahani pana yenye maji kidogo inakuonyesha upande wa chini, lakini haikupi hesabu.

Mbao iwe nzito na pana kuliko mpira wa gurudumu, maana mpira ukikaa nusu juu ya mbao na nusu hewani unaumia ndani, na utapasuka siku nyingine barabarani. Ncha yake ikatwe mteremko ili gurudumu lipande. Ukihitaji mbao mbili, ile ya chini iwe ndefu zaidi. Weka mbao mbele ya gurudumu, ondoka, halafu shofere avute polepole mpaka gurudumu lipande. Anayeongoza ni mtu mmoja tu. Asimame mahali shofere anapomwona kwenye kioo, wala asisimame hata siku moja kati ya motokari na ruloti. Watoto wawe na mama yao, mbali, mpaka kazi iishe.

Mbele na nyuma

Sasa piga kabari zote. Teremsha gurudumu dogo la mbele, na chini yake uweke kipande cha mbao ili lisizame. Ndipo unafungua kichwa cha ruloti, na motokari inasogea mbele. Simama pembeni ya kichwa, si mbele yake, na mguu wako usiwe chini ya chuma.

Weka nivo kwa urefu wa ruloti. Ukizungusha mkono wa gurudumu dogo, mbele inapanda au inashuka. Hii ni rahisi, dakika mbili zinatosha. Mpaka hapo ruloti imekaa juu ya magurudumu yake mawili na gurudumu dogo peke yake, nayo ni kama mbao ya kupimia ya watoto, ile ya kupanda na kushuka. Mtu mnene akiingia na kwenda kitandani nyuma, kichwa kinapaa na nyuma inagonga chini. Aliye nyuma akiokota kitu anapigwa. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuingia kabla ya kuteremsha miguu ya pembe nne.

Miguu hiyo, sikiliza vema, si kriki. Kazi yake ni kuzuia ruloti isitikisike tu. Iteremshe mpaka iguse mbao iliyo chini yake, ongeza mzunguko nusu, acha. Ukiilazimisha kuinua ruloti, inapinda, au inang'oa chuma cha sakafu. Na kama gurudumu limepasuka, kriki ya kweli inawekwa chini ya ekseli au mahali palipotiwa alama na mtengenezaji. Hakuna mtu wa kuingia chini wakati chuma kinashikwa na kriki peke yake, hata kwa kuokota boliti moja.

Juu ya nini friji inakataa kuinama

Watu wananiambia: sisi tumezoea kulala mlimani, kitanda kikiinama si kitu. Sawa. Lakini friji ya ruloti haikuzoea. Si kama friji ya nyumbani yenye mota. Ndani yake mna maji na amonia, na moto mdogo wa gazi unavichemsha. Amonia inapanda kama mvuke, inapoa juu, inakuwa maji, halafu inateremka yenyewe katika mabomba, na katika kuteremka huko ndipo inapoleta baridi. Hakuna pampu. Kila kitu kinateremka kwa uzito wake, kama maji ya bati la nyumba.

Friji ikiinama, maji hayo yanatuama mahali yasipotakiwa. Moto unaendelea kuchoma bomba lililopungukiwa maji, bomba linapata joto kali, na uchafu unaganda ndani yake mpaka linaziba. Kwanza unaona baridi imepungua. Ukiendelea siku nyingi, friji inakufa, na kuisawazisha baadaye hakuifufui. Ajabu ni kwamba barabarani haiharibiki hivi, hata kama njia ina mashimo: mtikisiko unarudisha maji mahali pake kila mara. Ni kusimama umeinama kunakoiua.

Friji za kisasa zinavumilia kuinama kwa digrii 3 hivi kuelekea ubavuni, ni sawa na sentimita 5 kwa mita 1. Za zamani zinataka usawa zaidi. Baada ya kumaliza kazi yote ya nje, weka nivo ndogo sakafuni mwa kile chumba cha barafu. Hapo ndipo ukweli ulipo. Ukisikia harufu kali ya amonia inayochoma macho, au ukiona madoa ya manjano kwenye mabomba ya nyuma, funga gazi, fungua mlango na madirisha, toa watu wote nje, na friji hiyo isiwashwe tena.

Ni nini kilichomo ndani? Kwa kikosi, nyama na maziwa ya watoto. Kwa dispanseri, chanjo zina masanduku yao ya baridi, na siku hizi friji nyingi za chanjo zinatumia jua. Lakini insulini ya mgonjwa wa sukari ambayo haijafunguliwa, na seramu ya nyoka iliyo ya maji, vinangoja pale kati ya digrii 2 na 8. Seramu iliyopata joto wiki nzima inaonekana sawa machoni. Anayekuja kujua tofauti ni yule aliyeumwa na fira, saa 2 za usiku, kilomita nyingi kutoka hospitali. Kwa hiyo tia termometa ndani, isomwe asubuhi na jioni, na hesabu iandikwe.

Na bado kuna mezani. Damu ya kupima malaria, ile tone nene, inataka kukauka juu ya kioo kilicholala sawa. Kikiinama, damu yote inakimbilia upande mmoja na mpimaji haoni vidudu vizuri. Mizani ya kusimamia nayo, ikiwekwa sakafu iliyoinama, inadanganya kilo. Na dawa ya mtoto tunaihesabu kwa kilo.

Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7

Neno la kando, lakini siwezi kuliacha. Usiku wa kiangazi huku kwetu ni baridi sana, na mtu aliyesawazisha ruloti vizuri, akafunga mlango vizuri, anashawishika kuingiza mbabula yenye makala mekundu. Usifanye. Moshi usioonekana wa makala unashika damu mahali pa hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Mablanketi ndiyo dawa. Matundu ya sakafuni nayo yasizibwe kwa kitambaa wala kwa udongo, kama magurudumu yamezama: gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutoka.

Kila asubuhi, na baada ya kila mvua, tazama tena. Mvua za kwanza za mwezi wa 10 au wa 11 zinalainisha ardhi na mbao zinazama upande mmoja. Piga kabari tena, soma nivo tena.

Siku ya kuhama, utaratibu unageuka: funga gazi, watu wote watoke, inua miguu minne ya pembe, rudisha motokari, funga kichwa na mnyororo wake, pandisha gurudumu dogo, legeza freni ya mkono. Kabari zinatolewa mwisho kabisa, na shofere haendi mpaka aliyezitoa amesimama mbele yake akiwa na kabari zote nne mkononi.