Tanuru la Mfano katika Somo la Chuma

Mwalimu atakayepangiwa shule za Gorong'a atawakuta watoto wanaolijua vema jembe, ila hawajui chuma chake kilitoka wapi. Sisi wenyewe, tulipoanza kazi, tuliwaambia wanafunzi kwamba chuma kililetwa na wageni kwa meli. Tulikosea.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, huko Buhaya, mawe ya chuma yaliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru la jadi mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Mirija ya udongo iliingia ndani ya tanuru. Mwaka 1978 wataalamu hao waliandika kuwa hewa ya mivukuto ilipata joto humo kabla ya kuyafikia makaa. Wenzao wengine walipinga.

Ubishi huo ndio somo lenyewe. Watoto wafinyange tanuru dogo, wachague mrija uishie mlangoni au ndani, na waandike sababu zao kwanza. Wahandisi wa leo hutangulia kukisia hivyo kwa kompyuta. Jibu lisitolewe mapema (hapo ndipo wengi wetu huharibu). Kisha aitwe mhunzi wa kijijini awasikilize. Moto auwashe mwalimu mwenyewe, nje ya darasa.