Fidia ya Ardhi Daraja Linapojengwa Upya

TARURA inapobadilisha daraja chakavu, njia mpya za kuingilia darajani huweza kupita katika shamba la mtu. Ibara ya 24 ya Katiba hairuhusu mali hiyo kutwaliwa bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Mthamini huhesabu ardhi, majengo na mazao ya kudumu, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Ni vyema mwenye shamba awepo siku hiyo. Mwembe usioandikwa katika fomu ni vigumu kuudai baadaye, na saini isitiwe kabla hajahesabu mwenyewe. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 tangu uthamini kuidhinishwa, huongezwa riba. Ikipita miaka 2, uthamini hurudiwa.