Kabla Hujaiuliza Simu Kuhusu Mgonjwa

Longech ni ulimi wa mchanga ndani ya Ziwa Turkana, ng'ambo ya Kalokol. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Lodwar huvuka kwa mashua, kisha humalizia kilomita 60 hivi za barabara. Kwa hiyo simwambii muuguzi wa huku afute programu ya akili unde kwenye simu yake. Naomba tu aitumie kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe angeiridhia.

Ruhusa iombwe kabla simu haijatolewa mfukoni, kwa maneno mepesi: "Mama, simu hii ina programu ya kunisaidia kufikiria ugonjwa wako. Jina lako siliandiki. Ukikataa, nitakutibu vilevile." Halafu nyamaza, umpe nafasi ya kukataa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na kuficha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "mvuvi wa Longech, mkono mmoja umekatwa", kijiji kizima kinamjua. Andika umri, dalili na vipimo, basi.

Lugha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Maandishi ya Kiturkana ni machache, na programu ikikosa neno haisemi imekwama, bali hutunga sentensi inayoteleza vizuri. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, foleni moja ina Kisomali, Kidinka, Kinuer na Kiswahili cha Kongo. Tafsiri ya simu inaweza kusaidia kuuliza panapouma. Habari ya saratani, ya virusi vya Ukimwi au ya upasuaji itafutiwe mkalimani mtu mzima, wala si mtoto wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ukimaliza, usimuulize kama ameelewa, maana atakubali kwa heshima. Mwombe akueleze atakavyomeza dawa akifika nyumbani.

Hapo ndipo utagundua mengi. Programu itaandika "mara tatu kwa siku baada ya chakula" kwa mtu ambaye nyumbani kwao jiko huwashwa mara moja. Chukua albendazole, inayotumika kutibu uvimbe wa hidatidi unaoletwa na tegu wa mbwa: hunyonywa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Muulize ana mafuta gani, anakula saa ngapi, analala ziwani au nchi kavu, kisha upange naye ratiba ya dawa. Turkana imeujua ugonjwa huo kwa miongo mingi, na shirika la afya la Amref lilianza mradi wa kuudhibiti hapa mwaka 1983. Programu iliyofunzwa kwa wagonjwa wa mbali huenda isiutaje kabisa mbele ya tumbo lililovimba. Utaje wewe, na kala-azar pia, ambao nao huvimbisha tumbo.

Jijini Nairobi, kliniki za Penda Health zilijaribu chombo kinachosoma maandishi ya daktari na kuonyesha rangi ya kijani, njano au nyekundu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2025, makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Napenda mpangilio ule, kwa sababu uamuzi ulibaki kwa daktari. Nawe fanya hivyo: andika kwanza maoni yako, ndipo uulize. Kwenye faili, onyesha kwamba uliuliza, ulijibiwa nini, na kwa nini ulikubali au ulikataa.

Kuhusu ujumbe mfupi wa kukumbusha miadi, uliza simu ni ya nani. Simu moja husomwa na nyumba nzima, na ujumbe unaotaja dawa za Ukimwi unaweza kumfukuzisha mtu kwake. Futa rasimu ndefu ya programu, uandike: "Njoo kliniki Jumanne asubuhi," pamoja na nambari itakayopokewa na mtu.