Kuchagua Hodhi la Kuogea

Sisi tulio shuleni twaoga kwa ndoo au chini ya bomba, na huenda mkashangaa kuona mwanafunzi akiandika habari za hodhi la kuogea. Lakini wanafunzi wa zamani wasomao gazeti letu wanajenga nyumba zao, na sisi tutajenga baadaye. Tena jambo hili limenionyesha kwamba somo la fizikia haliishii katika chumba cha mtihani.

Wakati wa likizo, mjomba wangu anayejenga nyumba ya ghorofa mjini Kampala aliniita. Alikuwa ameonyeshwa hodhi kuukuu la chuma lenye miguu minne, la namna ile isimamayo peke yake chumbani bila kujengewa ukutani. Alitaka kuliweka ghorofani kwa ajili ya bibi, ambaye magoti yake humuuma, na kukaa katika maji ya moto humpa nafuu. Akaniambia, "Mpwa wangu, nipigie hesabu kabla sijatoa fedha." Basi nikachukua kalamu na utepe wa kupimia.

Kwanza ni uzito. Hodhi la chuma cha kusubu huweza kupita kilo 100. Hilo tulilikadiria kilo 140. Lilichukua lita 220 hadi kwenye tundu la kupunguzia maji. Archimedes wa Syracuse, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kizamapo husukuma maji kadiri ya nafasi yake. Mtu wa kilo 70 huchukua nafasi ya lita 70 hivi, kwa hiyo maji ya kutiwa ni lita 150. Jumlisha hodhi, maji na mtu: kilo 360. Gawanya kwa miguu minne: kila mguu kilo 90. Ikiwa mguu una upana wa sentimeta 5 kwa 5, kila sentimeta ya mraba hubeba kilo 3.6. Kigae chenye uwazi chini yake kitapasuka, na sakafu ya mbao yataka kuimarishwa. Zege nzuri huweza kustahimili, lakini ni lazima aulizwe mhandisi aliyechora nyumba.

Pili ni joto. Tuseme maji ya bomba yana digrii 22, nawe wataka digrii 40. Lita 150 mara 4.2 mara 18 ni kilojuli 11,340, yaani yuniti 3.15 za umeme kwa kuoga mara moja. Tangi la kuchemshia likiwa na maji ya digrii 60, zitahitajika lita 71 za moto, nyingine ziwe baridi. Mjomba alikuwa amekwisha kununua tangi la lita 50! Angepata lita 105 tu za maji ya vuguvugu, na bibi angekaa nusu ya mwili nje. Tena watu husema chuma hutunza joto. Ni kweli, lakini kwanza hulichukua: kilo 140 za chuma baridi huyapoza maji hayo karibu digrii 2.

Tatu ni kitu lilichotengenezwa nacho. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Ni ngumu sana, lakini ukiiangushia kitu kizito hubanduka, na chuma hushika kutu. Usiisugue kwa mchanga. Akriliki ni plastiki ngumu. Hodhi lake huwa na kilo 30 hadi 50 tu, na halimpi mtu baridi aligusapo. Ubaya wake ni kwamba hukwaruzika upesi.

Nne ni nafasi. Hodhi lisimamalo peke yake lataka sentimeta 15 hivi kila upande, mkono wenye kitambaa upate kupita. Bomba la maji machafu hutokea sakafuni, basi mahali pake pachaguliwe kabla zege halijamwagwa. Pima pia mlango na ngazi, usije ukanunua kitu kisichoingia.

Nilipomaliza nilimsomea mjomba hesabu zangu kwa majivuno. Bibi alikuwa ameketi mkekani akisikiliza. Akasema, "Hesabu zako ni nzuri, mjukuu wangu. Sasa nipigie na hii: mguu wangu utapandaje?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mwogaji. Ukingo wa hodhi lile ulikuwa na kimo cha sentimeta 60, na bibi hapandi hata ngazi moja bila kushikwa mkono. Hodhi likisimama katikati ya chumba hakuna ukuta wa kuegemea, na sakafu yenye maji huteleza. Dawa ya magoti ingaliweza kumvunja nyonga.

Basi mjomba aliliacha hodhi lile. Alinunua la akriliki, fupi, lenye ukingo wa sentimeta 45, akaliweka chumba cha chini likigusa ukuta. Ukutani fundi alitia vyuma vya kushika, na kichwani pa hodhi alijenga benchi. Bibi huketi kwanza, kisha huingiza mguu mmoja mmoja. Hodhi hilo huchukua lita 160. Bibi ana kilo 60. Maji ni lita 100, na ya moto ni lita 47. Tangi la lita 50 latosha!

Ndugu zangu mnaojenga, anzeni na mtu atakayekitumia kitu, kisha tangi, kisha sakafu, na uzuri uje mwisho. Nasi tulio darasani tusione haya kuwauliza wazee, kwani kuuliza si ujinga.