HAMU YA NYUMBANI NA KUMBUKUMBU ZA CHAKULA KATIKA VIBONZO VYA MKONO: MFANO WA SIBWESA, MPANDA

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili mtu huwa na hamu ya kula, na pia huwa na hamu ya kwao. Neno ni moja. Asili yake ni Kiarabu, ambako huhusu wasiwasi na huzuni, na maana hiyo ya majonzi imo pia katika Kiswahili. Makala haya yanachunguza namna filamu ya vibonzo vilivyochorwa kwa mkono inavyoweza kuidhihirisha hamu hiyo, ilhali ladha na harufu hazichoreki. Hoja ya msingi ni kwamba kinachochorwa si chakula, bali ni tendo.

2.0 Tendo na Mchoro

Uchukuliwe mfano wa mwanafunzi kutoka kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, anayesoma Dar es Salaam na kukumbuka ugali wa muhogo kwa migebuka ya Ziwa Tanganyika. Sahani ya ugali pekee haimwelezi mtazamaji lolote, kwani ugali hupatikana Dar es Salaam pia. Kilichokosekana ni mkono wa mama. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua ya mkono huo na ya mikono ya walaji: kukoroga, kusonga, kupakua, kumega, kufinyanga tonge, kutowelea. Mfuatano wa vitenzi ndio mfuatano wa michoro. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde. Kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, kama ilivyozoeleka, sekunde 10 za kusonga huhitaji michoro 120. Hivyo mchoraji hulazimika kulikumbuka tendo moja mara 120.

3.0 Kuonja na Kusimuliwa

Katika filamu Omohide Poroporo (1991) ya Isao Takahata wa Japani, mwanamke wa Tokyo anaukumbuka utoto wake wa mwaka 1966, siku familia yake ilipokata nanasi bichi kwa mara ya kwanza na kuvunjika moyo. Mandhari ya utotoni yamepakwa rangi hafifu, na kingo zake zimeachwa nyeupe. Weupe huo unakiri kwamba kumbukumbu ina mipaka.

Mbinu hii ina uzito mahususi katika wilaya yenye Sibwesa, kwa kuwa humo pia imo Mishamo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia mauaji ya mwaka 1972. Aliyezaliwa Mishamo alilijua jiko la Burundi kwa masimulizi ya wazazi tu. Aliyerejeshwa Burundi kuanzia mwaka 2008 aliambiwa kuwa anarudi nyumbani, ilhali jiko alilolionja lilikuwa Mpanda. Mchoraji akilipaka kila jiko rangi kamili, atakuwa amesema uongo: la kusimuliwa linastahili kingo nyeupe zaidi, na la kuonjwa mistari iliyokolea.

4.0 Hitimisho

Imebainika kwamba hamu ya nyumbani haifuati mpaka wa nchi wala cheti cha uraia. Hufuata mkono uliomlisha mtu. Kwa hiyo mwanafunzi wa sanaa hii hana budi kuuliza, kabla ya kushika penseli, ni nani aliyesonga, na ni nani aliyekula.