SOMO LA WAFANYAKAZI: Tovuti Nyepesi kwa Biashara Ndogo



Mshahara wa kiwandani au wa shambani haufiki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wengi wetu wameanzisha vikundi vya kujitegemea: hawa wanashona nguo Buyenzi, wale wanauza sabuni ya mawese ya Rumonge. Mikono ipo na kazi ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mteja kujua tulipo.

Tukumbuke tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Bidhaa ziliteketea, na mahali pa kukutania na wateja pakapotea pia. Wachuuzi walitawanyika, na mteja aliyezoea kibanda fulani akawa hajui amtafute wapi mtu wake. Tovuti ni anwani isiyoungua pamoja na kibanda. Somo hili linaeleza namna ya kuitengeneza kwa gharama ndogo.

1. Tovuti ni nini?

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha zilizowekwa katika kompyuta inayowaka usiku na mchana, iitwayo seva. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuzifungua popote alipo. Utaratibu huu ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na mwaka 1993 kituo hicho kiliutoa kwa watu wote bila malipo. Kurasa za kwanza zilikuwa maandishi na viungo tu, na zilifanya kazi vizuri. Basi asitutishe mtu kwamba bila mapambo mengi hakuna tovuti.

2. Anza na karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta, kikundi kikae na kuandika majibu ya maswali matano ya mteja: Mnauza nini? Bei gani? Mko wapi? Nitawapataje kwa simu? Nitalipaje?

Ukurasa mmoja unatosha kujibu yote. Juu kabisa liwekwe jina la kikundi na sentensi moja iliyo wazi, kama hii: "Tunashona sare za shule na nguo za kazi, Buyenzi." Maneno matupu ya kujisifu hayamsaidii mnunuzi. Chini yake ziwekwe bei kwa faranga, pamoja na tarehe zilipoandikwa, maana bei hubadilika. Kisha elekeza mahali kama unavyomwelekeza mgeni: barabara ya ngapi, jirani na nini. Namba ya simu ianze na +257, ili hata mteja wa Uvira au Kigoma aweze kupiga. Fundi aifanye namba hiyo kiungo, mtu akiibonyeza simu ipige.

Lugha iwe ile wanayoisema wateja wako. Ukihitaji Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, kila lugha ipewe ukurasa wake. Usizichanganye.

3. Punguza uzito

Mteja wetu hununua intaneti kidogo kidogo. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kufika megabaiti 3. Ikipunguzwa upana na kubanwa, huweza kushuka chini ya kilobaiti 100 na bado ikaonekana vizuri. Tufanye hesabu. Kwa megabaiti 30, ukurasa wa megabaiti 3 utafunguliwa mara 10. Ukurasa wa kilobaiti 150 utafunguliwa mara 200. Ukurasa mzito ni ushuru tunaomtoza mteja kabla hajanunua kitu. Kwa hiyo weka picha chache, usiweke video inayojiwasha yenyewe, na herufi ziwe kubwa na nyeusi juu ya rangi nyeupe, zisomeke hata juani.

4. Malipo

Andika kama mnapokea Lumicash au EcoCash, na jina ambalo mlipaji ataliona kabla ya kuthibitisha. Mwonye mteja kwamba kikundi hakitamwomba kamwe namba yake ya siri.

5. Tovuti ni mali ya nani?

Hapa, ndugu, ndipo wengi huumia. Jina la tovuti, kama yale yanayoishia na .bi ya Burundi, huandikishwa na kulipiwa kwa muda maalumu. Fundi akiliandikisha kwa jina lake mwenyewe, yeye ndiye mwenye ufunguo. Siku mkikosana, au akihama, kikundi kinabaki mlangoni. Jina la tovuti na seva viandikishwe kwa jina la kikundi. Maneno ya siri yashikwe na watu wawili waliochaguliwa na mkutano, na tarehe ya kulipa tena iandikwe katika daftari la mweka hazina. Fundi alipwe haki yake kwa kazi aliyoifanya. Chombo kibaki cha wenye kazi.

6. Jaribuni kabla ya kutangaza

Mpe simu mtu asiyekijua kikundi. Mwambie: "Tafuta bei ya sare, kisha piga simu." Nyamaza, mtazame. Akikwama, kosa ni la ukurasa, si lake. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 tu hutosha kufichua kasoro nyingi za tovuti. Rekebisheni, kisha mjaribu tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Wateja wetu huuliza nini kwanza wanapofika?
2. Katika kikundi chetu, nani atashika maneno ya siri, na nani atamkagua?
3. Bei ikibadilika leo, nani ataibadilisha kwenye ukurasa, na kwa muda gani?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la tatu kisianze bado. Bei ya uongo kwenye tovuti hufukuza wateja sawa na mizani ya uongo sokoni.